Tunapoitana 'Mama' na 'Madam' kazini, nani hulipa gharama ya amani?

LIKIZO ya Desemba iliyopita ilinikuta nyumbani Migwani, Kaunti ya Kitui. Alasiri moja alinitembelea mwalimu niliyemfundisha chuoni yapata miaka kumi na mitano iliyopita. Siku hizi ni mkuu wa idara katika shule moja ya sekondari, na miongoni mwa wakuu wa idara shuleni humo, mwanamke ni yeye peke yake. Tulizungumza kuhusu mvua, tukajiuliza kama ndengu zitafaulu mwaka huu, tukalalamikia bei ya mbolea. Chai ilipokwisha ndipo akafikia jambo lililomleta.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Katika mkutano wa walimu, alieleza kwamba alikuwa na vipindi 28 kwa wiki ilhali mwenzake mwenye cheo sawa na chake alikuwa na 21. Aliuliza kama mgao huo ungeweza kuangaliwa upya. Mwenyekiti wa kikao akatabasamu, akamwambia: "Madam, tulia bana. Hayo ni mambo madogo, tutayamaliza kama familia." Watu wakacheka, kikao kikaendelea. Muda mfupi baadaye, mwalimu mmoja wa kiume akasema kwamba mgao wa vipindi hauna usawa. Mwenyekiti akamgeukia katibu: "Andika hiyo. Mwalimu amegusia jambo muhimu."

"Prof," akaniuliza, "nilikosea wapi? Ni lugha niliyotumia?"

Nilimwambia hakukosea popote. Lakini jibu hilo halikuniridhisha hata mimi niliyelitoa, kwa sababu nilipomfungulia lango saa moja kabla, nilikuwa nimemlaki kwa maneno haya: "Karibu, Madam." Makala haya ni jaribio la kumjibu vizuri zaidi.

Mwalimu na Madam

Kiswahili hakibagui jinsia katika sarufi yake. Kiwakilishi 'yeye' ni cha mwanamume na mwanamke. Tukisema 'amefika' au 'alisema', kiambishi kile hakituambii lolote kuhusu jinsia ya mtendaji. Majina ya kazi nayo ni hivyo hivyo: mwalimu, daktari, katibu, mkurugenzi, hakimu. Waingereza na Wamarekani wamebishana kwa miongo mingi kuhusu neno lao la mwenyekiti, ambalo lina 'mwanamume' ndani yake. Sisi hatukuwa na haja ya ubishi huo. Mwenyekiti ni mwenye kiti, basi. Hatuulizi aliyekikalia ni nani.

Kwa hiyo mtu angetarajia kwamba mahali pa kazi panapotumia Kiswahili pawe na usawa wa lugha. Sivyo. Kile ambacho sarufi haikukifanya, sisi wasemaji tumekifanya kwa namna tunavyoitana. Ingia katika chumba cha walimu katika shule nyingi za Kenya usikilize. Mwanamume huitwa 'Mwalimu'. Mwanamke, aliyesomea taaluma ile ile na kufundisha darasa lile lile, huitwa 'Madam'. Neno letu lisilobagua jinsia tumelitwaa tukalifanya la wanaume, kisha wanawake tukawaazimia neno la kigeni.

Wapo watakaosema 'Madam' ni neno la heshima. Ni kweli, lakini heshima hiyo ni ya namna gani? 'Mwalimu' ni jina la kazi. Ukiambiwa "Mwalimu amesema", unajua aliyesema ana ujuzi wa jambo analolisema. Ukiambiwa "Madam amesema", unajua tu kwamba aliyesema ni mwanamke anayestahili adabu. Katika mazungumzo ya kawaida tofauti hiyo ni ndogo. Katika mkutano ambapo watu wanagawana kazi, fedha na vyeo, ni tofauti kubwa, kwa maana mmoja anaingia akiwa amevaa cheo chake na mwingine anaingia akiwa amevuliwa.

Mtindo huo tunauona pia magazetini na redioni tunapotaja 'rubani wa kike', 'dereva wa kike' au 'meneja wa kike'. Ni nadra kusikia 'meneja wa kiume'. Kwa kumtambulisha mwanamke hivyo tunadhani tunampongeza. Ujumbe wa chini kwa chini ni kwamba kazi hiyo ina mwenyewe, na huyu ni mgeni.

Lugha zetu za mama nazo zina hadithi yake. Kikamba na Kikikuyu ni lugha jirani zinazofanana sana. Katika Kikamba, 'mutumia' ni mzee wa kiume mwenye hadhi, na 'atumia ma nzama' ni wazee wa baraza, wale waliokaa kuamua kesi za mashamba, mifugo na ndoa. Katika Kikikuyu, neno hilo hilo 'mutumia' ni mwanamke aliyeolewa, na wapo wanaolihusisha na kitenzi chenye maana ya kufumba mdomo. Neno ni moja: upande huu wa mpaka limekalia kiti cha kuamua, upande ule limehusishwa na kunyamaza. Iwe asili ya neno ni ipi, mfano huo unaonyesha kwamba mamlaka ya kusema hayatoki katika umbo la neno. Hutoka kwa jamii inayoamua neno limvike nani.

Familia isiyo na mkataba

Turudi kwa kauli ya mwenyekiti: "Tutayamaliza kama familia." Afrika Mashariki tunapenda kuhamishia lugha ya nyumbani mahali pa kazi. Bosi ni 'mzee', mpishi ni 'mama', karani kijana ni 'dada'. Sitaki kuupuuza utamaduni huu. Unapunguza ukali wa vyeo, unamfanya mgeni ajisikie yuko na watu. Wala neno 'mama' halishushi hadhi kila mara. Bi Charity Ngilu alipochaguliwa gavana wa Kitui mwaka wa 2017, akiwa mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kushinda wadhifa huo Kenya, wafuasi wake wengi waliendelea kumwita Mama Ngilu, na walimaanisha sifa. Rais Samia Suluhu Hassan wa Tanzania, aliyeapishwa Machi 2021, naye huitwa Mama Samia na watu wanaomtii kama Amiri Jeshi Mkuu.

Hata hivyo, linganisha matarajio. Kiongozi akiitwa 'Baba', tunatarajia aamuru. Akiitwa 'Mama', tunatarajia atunze, asamehe na avumilie. Siku mama huyo anapokataa ombi, anapomwachisha mtu kazi kwa sababu halali au anapodai hesabu zikaguliwe, wapo wanaohisi wamesalitiwa. Watasema, "Mama gani huyu?" Mwanamume akifanya hayo hayo hatumuulizi, "Baba gani huyu?" Tunasema bosi ni mkali.

Kuna jambo jingine. Familia haina mkataba wa ajira. Ndani ya familia hatuhesabu ni nani alichota maji mara ngapi. Mahali pa kazi tunapaswa kuhesabu, kwa kuwa kazi hiyo ina malipo, muda na cheo. Mwenyekiti aliposema shauri la vipindi litamalizwa kama familia, alilihamisha kutoka uwanja wa haki hadi uwanja wa hisani. Katika uwanja wa haki, mwalimu yule alikuwa na hoja: 28 kwa 21. Katika uwanja wa hisani, alibaki akisubiri huruma. Amani ilipatikana mkutanoni, naam, lakini aliyeigharimia ni mmoja.

Nasema haya nikiwa na deni. Kwa miaka mingi niliongoza vikao vya idara, na kila tulipohitaji mtu wa kuandika kumbukumbu, macho yangu yalimwangukia mhadhiri wa kike. "Wewe una mwandiko mzuri," nilikuwa nikisema. Hakuna hata mmoja aliyekataa, nami nikachukulia kimya chao kuwa ridhaa. Sikufikiri kwamba anayeandika hoja za wengine kwa saa mbili hana nafasi ya kutoa zake. Mwandiko wangu mimi pia si mbaya.

Kuomba, kupendekeza, kudai

Mwalimu wangu aliuliza kama tatizo lilikuwa lugha aliyoitumia. Swali hilo limewashughulisha wanaisimu kwa nusu karne. Mwaka wa 1975, Mmarekani Robin Lakoff alichapisha kitabu akidai kwamba wanawake hufunzwa lugha ya kusitasita: maswali badala ya kauli, 'labda' na 'nadhani' nyingi, adabu iliyozidi. Aliongeza kwamba mwanamke amefungwa pande zote mbili. Akiitumia lugha hiyo ataonekana hana uzito. Akiikataa ataonekana si mwanamke wa heshima.

Mwaka wa 1980, William O'Barr na Bowman Atkins walilipima dai hilo kwa kuchunguza mashahidi katika mahakama za North Carolina. Waligundua kwamba lugha ya kusitasita haikuwa ya wanawake wote, wala ya wanawake pekee. Wanaume wa tabaka la chini waliitumia, na wanawake wenye taaluma na hadhi waliitumia kidogo. Wakahitimisha kwamba tulichokiita lugha ya wanawake ni lugha ya wasio na nguvu. Naona hitimisho hilo linatufaa. Mlinzi wa kiume anayeenda kuomba ruhusa kwa meneja naye husema "samahani mkubwa, nilikuwa naomba tu kama ingewezekana." Ni kwamba tu wanawake wengi zaidi wamewekwa katika nafasi ya kusema hivyo.

Kiswahili kinatupa ngazi tatu za kuwasilisha haja: kuomba, kupendekeza na kudai. Anayeomba anamwachia mwenzake uhuru wote wa kukataa. Anayependekeza anaweka hoja mezani ijadiliwe. Anayedai anasema kitu hiki ni changu na kimecheleweshwa. Kila ngazi ina mahali pake. Kosa ni kuitumia ngazi ya kuomba kwa jambo ambalo tayari ni haki. Likizo ya uzazi ni mfano mzuri. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka wa 2007 inampa mfanyakazi wa kike miezi mitatu yenye malipo kamili, na inampa baba wiki mbili. Haya hayaombwi, mfanyakazi anatoa taarifa tu kwamba atayachukua. Lakini ni wanawake wangapi wamewahi kuandika barua inayoanza "Naomba kwa unyenyekevu..."?

Anayethubutu kudai hukumbana na msamiati mwingine. Mwanamume anayedai 'ana msimamo'. Mwanamke anayedai 'ana mdomo', 'ana kiburi', 'amekuwa jeuri'. Wakigombana wanaume wawili ofisini tunasema fahali wawili hawakai zizi moja, na methali hiyo inawapa wote wawili ukubwa. Wakigombana wanawake wawili kuhusu jambo lile lile, tunasema ni wivu, ni umbeya, ni vita vya wake wenza. Ugomvi wao tunaufanya wa tabia, hivyo hatuoni haja ya kuuliza chanzo chake. Pengine chanzo ni bajeti tu.

Mfano wa karibu zaidi nasi upo Pwani. Mwanaanthropolojia Susan Hirsch alichunguza mashauri ya ndoa katika mahakama za Kadhi kwenye pwani ya Kenya, akachapisha kitabu mwaka wa 1998. Picha iliyozoeleka ni kwamba mume hutamka na mke huvumilia kimya. Hirsch aliwakuta wanawake wakifika mahakamani wakisimulia madhila yao, na mara nyingi wakishinda. Lakini kusimulia kulikuwa na bei: msemaji alijiweka katika hatari ya kuonekana anatoa siri za nyumba. Hayo yalikuwa mashauri ya ndoa, lakini aliyewahi kulalamika kazini ataitambua bei hiyo mara moja. Huku tunaiita 'kuanika ofisi nje'.

Utani usio na jibu

Kuna neno jingine ambalo hutumiwa kufunika migogoro ya kijinsia kazini, nalo ni 'utani'. Mkubwa anamwambia msaidizi wake maneno kuhusu umbo lake au mavazi yake. Msaidizi anakunja uso. Mkubwa anacheka: "Si nilikuwa nakutania tu!"

Tuwe makini na neno hili, kwa kuwa katika jamii zetu utani una kanuni. Watani ni wale wanaoweza kutaniana pande zote mbili: babu na mjukuu, mtu na shemejiye, kabila na kabila. Ukinitania leo, kesho nina ruhusa kamili ya kukutania kwa ukali ule ule, na hakuna atakayekasirika. Mhazili hawezi kumjibu mkurugenzi maneno kuhusu umbo lake halafu arudi mezani kwake kwa amani. Palipo na upande mmoja tu wenye ruhusa ya kusema, hapana utani. Pana mamlaka yanayocheka.

Sheria inakubaliana na utamaduni hapa. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira kinahesabu miongoni mwa unyanyasaji wa kingono matumizi ya lugha ya kingono, iwe ya kuandikwa au ya kusemwa. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi analazimika kutoa sera kuhusu jambo hilo baada ya kushauriana nao. Kwa hiyo ujumbe wa simu unaotumwa usiku na mkubwa wako, ukiwa wa namna hiyo, si mzaha wa kufutwa ukasahaulika.

Meza ya mapatano

Je, tuache kabisa kusuluhishana kwa upole na kukimbilia mahakamani? La. Katiba ya 2010, Ibara ya 159, inahimiza upatanisho, usuluhishi na njia za jadi za kutatua migogoro. Ila inaweka mpaka: njia za jadi zisitumiwe kukiuka haki za kimsingi. Mpaka huo unafaa ofisini pia. Tofauti kuhusu ratiba zinaweza kumalizwa kwa chai. Unyanyasaji haumalizwi kwa chai.

Kwa zile tofauti za kawaida, fundisho ninalolipenda linatoka kwa Mary Parker Follett, mwanazuoni wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1933. Alieleza kwamba migogoro humalizwa kwa njia tatu: mmoja kumshinda mwingine, kila mmoja kupunguza madai yake, au wote kutafuta suluhu inayokidhi haja ya kila upande. Alitoa kisa chake mwenyewe katika maktaba ya Harvard. Mwenzake alitaka dirisha lifunguliwe, yeye alitaka lifungwe. Wakafungua dirisha la chumba cha pili. Mwenzake alihitaji hewa safi, na Follett hakutaka tu upepo umpige moja kwa moja. Wangeng'ang'ania dirisha, mmoja angeshindwa.

Wazee wetu hawakuhitaji Harvard kulijua hili. Katika mwethya, vikundi vya kazi vya Ukambani vilivyochimba matuta ya fanya-juu na kujenga mabwawa, wanawake wengi hukaa pamoja na kujadili zamu za kazi. Asiyefika huulizwa mbele ya wote, na kwa kawaida hutozwa faini. Hakuna anayemwita muulizaji mwenye mdomo. Kazi inajulikana, zamu zimehesabiwa, na kila mmoja anaitwa kwa sababu ya kazi yake. Wanawake wa Migwani wanajua kujadiliana. Kinachobadilika wakiingia ofisini ni masharti ya kusikilizwa.

Basi nilimshauri mwalimu wangu mambo matatu. Kwanza, alete orodha ya kazi zote za idara, si vipindi pekee, ili mjadala uwe juu ya hesabu na usiwe juu yake. Pili, aandike pendekezo na kulitia saini kwa cheo chake. Tatu, kabla ya kikao azungumze na yule mwenzake mwenye vipindi 21, amuulize sababu. Na kwa wenyeviti wenzangu, shauri langu ni moja: hoja ikitolewa, iandikwe kwa jina la aliyeitoa kwanza, na ikirudiwa na mwingine, semeni wazi kwamba imerudiwa.

Alinipigia simu mwezi wa Februari. Alipomuuliza mwenzake, aligundua kwamba alipunguziwa vipindi kwa sababu ya kufundisha timu ya kandanda jioni. Yeye naye alikuwa akiandaa wanafunzi kwa tamasha za muziki jioni hizo hizo, ila kazi hiyo haikuwahi kuhesabiwa. Kila mtu alidhani anaifanya kwa kupenda. Walikwenda pamoja kwa naibu wa mwalimu mkuu na orodha yao. Sasa kandanda na muziki vyote vinahesabiwa, naye ana vipindi 24.

Kwenye chumba cha walimu bado anaitwa Madam, na anasema hajaamua kama atapigania hilo. Lakini katika kumbukumbu za kikao cha mwisho, hoja yake imeandikwa kuwa imetolewa na Mkuu wa Idara.